Ukiulizwa, Unajibu Nini? Historia ya Madodoso Kutoka Iringa na Mbeya

Hebu jibu swali hili, tena haraka: katika wiki 2 zilizopita, ni siku ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa?

Umepata namba? Sasa jiulize umeitoa wapi. Hakuna mtu anayeandika huzuni zake kwenye daftari. Huenda umekumbuka siku moja au mbili mbaya, ukaangalia unavyojisikia sasa hivi, ukakadiria. Halafu fikiria kwamba swali hilo hilo unaulizwa sebuleni kwenu, mama mkwe yuko jikoni anasikia kila kitu, na anayeuliza ni kijana mgeni mwenye kishikwambi na fulana ya mradi. Namba yako ingebaki ile ile?

Hii ni moja ya njia zinazotumika sana katika saikolojia: kumuuliza mtu kuhusu yeye mwenyewe, kisha kuandika alichosema. Ni njia rahisi, na kwa mambo mengi ndiyo pekee tuliyonayo. Udhaifu wake nao unajulikana. Tunasahau. Hatujijui vizuri kama tunavyodhani. Tunapenda kuonekana watu wema. Vitabu vya mbinu za utafiti vinayataja haya kwa kurasa chache, mara nyingi kwa mifano ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani, halafu vinaendelea na mada nyingine.

Lakini historia hiyo ipo pia hapa kwetu, Nyanda za Juu Kusini, na ina jambo moja la kutufundisha. Huwa tunafikiri jibu liko tayari kichwani mwa mhojiwa na kazi ya mtafiti ni kulichukua tu. Ukifuatilia tafiti zilizofanyika Iringa na Mbeya kwa miaka 90 hivi, unaona jibu linatengenezwa pale pale, kati ya anayeuliza na anayeulizwa. Kwa hiyo likitoka na kasoro, kasoro hiyo ni ya wote wawili.

Kwanza salamu, ndipo habari

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili kuliko vitabu. Ukimwuliza mtu "Hujambo?" anajibu "Sijambo", halafu anaongeza, "ila kichwa kinanigonga tangu jana." Aliyelelewa Iringa akiamkiwa "kamwene", au Mbeya akiamkiwa "ugonile", anajua kwamba kwanza unaitikia. Habari zenyewe zinafuata baadaye, kama zitafuata, na hiyo inategemea uko na nani. Hakuna anayeuita huo uongo. Ni adabu.

Sasa, dodoso mara nyingi linanasa lile jibu la kwanza, linasema asante, linahamia nyumba ya pili.

Wanasaikolojia walianza kukwaruzana na tatizo hili mapema. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, moja ya zana zake ilikuwa watu waliofundishwa kuangalia hisia zao wenyewe na kuzieleza. Baadaye maabara tofauti zikaanza kupata maelezo yasiyopatana, na hakukuwa na njia ya kuamua nani yuko sahihi. Mwaka 1913 John Watson wa Marekani akasema yaachwe yote hayo, saikolojia ichunguze vitendo vinavyoonekana.

Dodoso halikufa. Ila mwaka 1934 lilipata pigo ambalo linasimuliwa hadi leo. Richard LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani, alikuwa amezunguka nchini mwake na vijana wawili wa Kichina, mke na mume, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kubwa. Walifika kwenye hoteli na migahawa 251. Walikataliwa mara moja tu. Miezi kadhaa baadaye LaPiere akawaandikia barua wenye sehemu hizo hizo: mngepokea wageni wa Kichina? Kati ya waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Barua ilileta jibu moja, na mgeni aliyesimama mlangoni na mizigo yake alipata jingine.

Rungwe: kukaa na watu

Mwaka huo huo wa 1934, mtafiti kijana aitwaye Godfrey Wilson alifika Rungwe, mkoani Mbeya kwa mipaka ya leo. Mke wake, Monica Wilson, alimfuata muda mfupi baadaye. Godfrey alikuwa amefundishwa London na Bronisław Malinowski, ambaye aliwasisitizia wanafunzi wake kwamba yale watu wanayosema wanafanya na yale wanayofanya ni taarifa mbili tofauti, na mtafiti anazihitaji zote.

Wawili hao walijifunza Kinyakyusa na wakaishi kati ya watu. Walihudhuria misiba, ndoa na matambiko, wakasikiliza mazungumzo ambayo hayakuanzishwa na maswali yao. Kitabu cha Monica kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951, miaka kadhaa baada ya kifo cha mume wake.

Njia hiyo ina gharama. Inakula miaka, inahusu watu wachache, na inategemea sana macho ya mtafiti mwenyewe. Huwezi kuitumia kuijulisha serikali ni watu wangapi katika mkoa mzima wana tatizo fulani. Ndiyo maana dodoso lilirudi kwa nguvu.

Iringa, 1961 na 1962: kupima tabia ya Wahehe

Katika miaka hiyo ya Uhuru, timu kutoka Marekani iliyoongozwa na Walter Goldschmidt ilikuja Afrika Mashariki na swali kubwa: je, kazi ya kulima na kazi ya kufuga zinajenga watu wenye tabia tofauti? Walichagua jamii 4, kila moja ikiwa na sehemu ya wakulima na sehemu ya wafugaji. Zilikuwa Wakamba na Wapokot wa Kenya, Wasebei wa Uganda, na Wahehe wa Iringa.

Kazi ya kuwahoji watu mmoja mmoja ilikuwa ya Robert Edgerton. Alihoji zaidi ya watu 500 katika jamii hizo. Hakutegemea maswali tu. Alitumia pia picha, na kadi zenye madoa ya wino ambazo mhojiwa anaulizwa anaona nini ndani yake. Wazo lilikuwa kwamba mtu anaweza kuficha katika swali la wazi, lakini kwenye doa la wino atajifichua. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971, na katika maelezo yake ya Wahehe mambo mawili yanajitokeza: usiri, na kutoaminiana.

Hapo nakuomba utulie kidogo. Ngome ya Kalenga iliangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Mkwawa akaponyoka, akaendelea kupigana na kujificha hadi alipokufa mwaka 1898. Kwa miaka karibu 4 wageni wenye silaha walizunguka vijiji vya Uhehe wakiuliza swali moja, yuko wapi, huku wakiahidi zawadi ya fedha kwa atakayemtoa. Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, na mgeni mwenye karatasi na kalamu mara nyingi alikuwa mtu wa kodi. Fuvu linaloaminika kuwa la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954, yaani miaka 7 tu kabla ya Edgerton kufika. Wazee aliowahoji walikuwa watoto wa watu waliookoka kwa kutosema.

Sasa mhojiwa wa namna hiyo akimkwepa mgeni, tumepima nini? Inawezekana tumepima tabia ya Wahehe. Inawezekana pia tumepima jinsi Wahehe wanavyomjibu Mmarekani anayeuliza kupitia mkalimani, wakati bendera ndiyo kwanza inabadilika. Kwa majibu yale peke yake huwezi kutenganisha mambo hayo mawili, maana chombo kilichotumika kupima usiri kilihitaji watu wawe wazi ili kifanye kazi. Edgerton alikuwa mtafiti makini, na kuchanganya kwake mbinu kunaonyesha alijua tatizo lipo. Lakini doa la wino nalo linaulizwa na mtu, na linajibiwa mbele ya mtu.

Mwanza inatoa ushahidi wa namba

Hadi hapa unaweza kusema haya ni mashaka tu. Tujuaje kwamba majibu kweli yanapotoka? Unahitaji kitu cha kulinganisha nacho, kitu kisichotegemea maneno. Kwa Tanzania, ulinganisho ulio wazi zaidi ulifanyika mbali na Nyanda za Juu, mkoani Mwanza, lakini hatuwezi kuuruka kwa sababu unaeleza yaliyofuata huku.

Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 ukiwafundisha wanafunzi wa shule za msingi kuhusu afya ya uzazi. Ili kujua kama mafunzo yanasaidia, ilibidi kuwauliza vijana kama wameshaanza ngono. Mary Plummer na wenzake wakaamua kuzipima mbinu zenyewe. Zaidi ya vijana 9,000 walihojiwa ana kwa ana na kupimwa kama wana maambukizi au dalili nyingine za kimwili za kuwahi kufanya ngono. Vijana zaidi ya 6,000 walijaza pia dodoso wenyewe kwa kusaidiwa. Baadhi walifanyiwa mahojiano ya kina, na watafiti wengine waliishi vijijini wakiangalia maisha.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yanatisha kidogo. Kati ya vijana ambao vipimo vilionyesha wameshafanya ngono, waliokiri katika madodoso yote mawili ya mwaka 1998 walikuwa asilimia 58 ya wavulana na asilimia 29 tu ya wasichana. Na katika wasichana 6 wenye magonjwa ya zinaa waliofanyiwa mahojiano ya kina, mmoja tu ndiye aliyewahi kukiri ngono katika madodoso. Katika mazungumzo marefu, 5 kati ya hao 6 walikiri.

Yaani ni wasichana wale wale. Kilichobadilika ni muda waliopewa na namna walivyokaliwa. Na ona tofauti ya wavulana na wasichana: jamii inamwadhibu msichana kwa jibu lile lile ambalo mvulana anaweza kulitolea majigambo, kwa hiyo dodoso moja linapotoka kwa njia mbili tofauti.

Mbeya, 2001 na 2002: kubadilisha namna ya kuuliza

Wakati huo huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa linaandaa utafiti kuhusu ukatili wanaofanyiwa wanawake na wenza wao. Ulihusu wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi 10. Kwa Tanzania sehemu zilikuwa mbili, Dar es Salaam na Mbeya, na kazi iliongozwa na daktari wa magonjwa ya akili wa Muhimbili, Jessie Mbwambo.

Fikiria ugumu wake. Unamwuliza mwanamke, nyumbani kwake, kama mume wake anampiga. Akisema ndiyo na mume akajua, anaweza kupigwa tena kwa sababu yako. Hapa upungufu wa dodoso unaweza kumwumiza mtu.

Watafiti hawakuanza kwa kulalamika kwamba wanawake hawasemi ukweli. Walianza kwa kubadilisha mahojiano. Utafiti ulitambulishwa kwa jamii kama wa afya na maisha ya wanawake. Katika kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, faraghani, na mwanamke mwenzake aliyepata mafunzo ya wiki kadhaa. Mtu akiingia ghafla, mhojaji alikuwa na maswali mengine ya kuhamia. Wala hawakuuliza "unanyanyaswa?", maana aliyekua akiamini kwamba kofi la mume ni jambo la kawaida atajibu hapana bila kudanganya. Waliuliza kitendo kimoja kimoja: amewahi kukupiga kibao, kukusukuma, kukupiga ngumi?

Kwa swali zito kuliko yote, la kuingiliwa utotoni, waliongeza njia nyingine. Mwisho wa mahojiano mwanamke alipewa kadi yenye michoro ya nyuso, mmoja wa furaha na mwingine wa huzuni. Aliweka alama bila kumwonyesha mhojaji, kisha kadi ikafungwa. Katika sehemu nyingi za utafiti, kadi zilionyesha visa vingi kuliko vilivyotajwa kwa mdomo, hata baada ya maandalizi yote yale.

Matokeo yalisema kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 56 Mbeya na asilimia 41 Dar es Salaam walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono. Katika utafiti mzima, kulingana na mahali, kati ya moja ya tano na theluthi mbili ya wanawake waliopigwa hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kabla ya siku hiyo.

Je, Mbeya ina ukatili zaidi ya Dar es Salaam kwa tofauti hiyo ya asilimia 15? Inawezekana kabisa. Inawezekana pia kwamba mahojiano yalikwenda vizuri zaidi upande mmoja. Tunachoweza kusema kwa uhakika zaidi ni kwamba mwanamke hapati faida kubwa kwa kubuni kisa cha namna hii, na ana sababu nyingi za kukificha, kwa hiyo namba halisi ina nafasi kubwa ya kuwa juu ya zilizoandikwa kuliko kuwa chini. Hivyo ndivyo namba ya kujieleza inavyopaswa kusomwa: uliza imeelemea upande gani na kwa nini, kabla hujaamua kuitupa.

Wakati mwingine ni kusahau tu

Usidhani kila upungufu unatokana na aibu. Mwaka 2014 watafiti waliwafuatilia wakulima wa mkoa wa Mara. Wengine waliulizwa kila wiki wamefanya kazi saa ngapi shambani, wengine wakaulizwa mara moja baada ya msimu kuisha. Walioulizwa mwishoni walitaja saa nyingi zaidi, hadi kufikia karibu mara 4 kwa kila mtu katika kila shamba. Hakuna aibu katika kulima. Ni kwamba mtu hakumbuki saa. Anakumbuka siku za kawaida za jembe, anazizidisha, na siku za mvua na misiba zinapotea katika hesabu. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Mufindi akiulizwa hivyo hivyo ana kila sababu ya kukosea hivyo hivyo.

Rudi kwenye swali langu la mwanzo kuhusu huzuni. Lina matatizo yote mawili kwa pamoja, kumbukumbu na aibu.

Damu ikajibu kwa niaba yao

Sura ya mwisho inaturudisha nyumbani moja kwa moja. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini yako karibu asilimia 5. Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, ilikuwa na asilimia 11.4, Iringa 11.3, na Mbeya 9.3. Hakuna mikoa iliyokuwa na sababu kubwa zaidi ya kutaka namba sahihi.

Moja ya namba hizo ilikuwa hii: kati ya watu wenye VVU, wangapi wanajua hali yao? Walipohesabiwa kwa maneno yao peke yake, kitaifa ilipatikana kama asilimia 52. Lakini damu zao zilikuwa zimepimwa pia kama zina dawa za ARV. Baadhi ya waliosema hawajui walikutwa wanatumia dawa. Walipoongezwa, namba ikapanda hadi karibu asilimia 61.

Pengo la asilimia 9 si dogo. Ukiamini maneno tu, utapeleka fedha kwenye kuwapima watu ambao tayari wako kliniki, na utadhani kampeni ya upimaji imeshindwa kuliko ilivyoshindwa.

Lakini tusishangilie maabara mapema. Damu ilionyesha kwamba mtu anatumia dawa. Haikuonyesha kwa nini alisema hajui. Kulijua hilo inabidi umwulize, na mwenye kumwuliza anatakiwa awe mtu ambaye anaweza kumwamini. Na kwa mambo mengi ya saikolojia hakuna kipimo cha damu kabisa. Sonona, hofu, upweke, mawazo ya kujiua: hivi vyote tunavijua kwa sababu mtu ametuambia.

Basi kama wewe ni mwanafunzi unayejiandaa kugawa madodoso 100 pale Uyole au Kihesa, wala usiyatupe. Jiulize kwanza mambo haya. Mhojiwa akijibu ukweli, anapoteza nini, na nani yuko karibu kusikia? Neno ulilotumia lina maana ile ile kwake? Unamtaka akumbuke jana au mwaka mzima? Jibu litapotoka kwa wote sawasawa, au litapotoka zaidi kwa wasichana, kwa maskini, kwa wagonjwa? Na je, kuna kitu chochote kisichotegemea maneno, daftari la zahanati au rejista ya mahudhurio, unachoweza kukiweka kando ya majibu? Kisha andika majibu ya maswali haya ndani ya ripoti yako, kwa namna itakayomwezesha msomaji kujua namba zako zimeelemea wapi.

Na kama wewe ni yule anayeulizwa, una haki ya kutojibu. Yule aliyesema hajui hali yake huku anatumia dawa huenda alikuwa anajilinda na unyanyapaa. Tunaweza kununua mashine nyingi zaidi za kumgundua. Lakini kitakachomfanya aseme mwenyewe ni kuwa na uhakika kwamba, akisema, kesho hatanyoshewa kidole sokoni.